Rangi ya Yoramu

"Rangi yake ya kawaida ni ipi?"

Daktari aliniuliza hivyo akiwa ameushika unyayo wa mwanangu kwa vidole viwili. Ilikuwa saa nne asubuhi, katika hospitali kubwa ya Mbeya, na Yoramu alikuwa amelazwa kwenye meza karibu na dirisha bila nguo hata moja. Alikuwa na siku kumi na tisa. Mama mkwe wangu, aliyesimama nyuma yangu na rundo la nguo za mtoto mikononi, ndiye aliyewahi kujibu.

"Mweupe kidogo. Kama marehemu babu yake."

"Maji ya kunde," akasema mume wangu, Elia.

Daktari hakuwageukia. Alikuwa ananitazama mimi. "Na wewe mama, unasemaje?"

Mimi ni mtu wa kuuliza. Chuoni niliwahi kumkatisha mhadhiri katikati ya somo nikitaka aseme takwimu zake kazitoa wapi. Kanisani kwetu mchungaji akiona nimenyoosha mkono hujifanya anatafuta miwani. Lakini asubuhi ile niliulizwa jambo ambalo kila mama hulijua bila kufundishwa, na nilipoitazama ile miguu midogo, iliyokuwa na rangi ya zambarau kama ya mtu aliyeshinda mtoni, niligundua kwamba tangu nimzae sikuwahi kumwona mwanangu mzima, kuanzia utosi hadi vidole, kwenye mwanga wa jua.

Yoramu sasa ana mwaka mmoja na miezi michache. Ninapoandika haya ananivuta sketi. Naandika kwa ajili ya mama mwingine wa huku kwetu ambaye yuko ndani na kichanga kilichofungwa kama mzigo wa kwenda safari, na watu wanamwambia ana bahati kupata mtoto mtulivu.

Nilijifungua katikati ya Julai, hapa Tunduma. Aliyewahi kulala Tunduma mwezi wa saba anajua ninachosema. Upepo unashuka kutoka vilimani na kupita chini ya mlango, na asubuhi madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani wanaota moto wa maboksi. Mimi nimekulia Isongole, milimani Ileje, baridi si mgeni kwangu. Hata hivyo nilipotoka kujifungua nilimkuta mama mkwe amejiandaa kama anayesubiri barafu: sweta tatu alizofuma mwenyewe, kofia mbili, soksi za sufu, blanketi la njano, na kitenge cha kufungia vyote.

"Mtoto wa Julai anafunikwa, Mama Yoramu," alisema. "Akipigwa na upepo huu, huyo si wako tena."

Tulimwita mtoto jina la babu yake, kwa hiyo mama mkwe alimwita "mume wangu". "Mume wangu amelala? Mume wangu amekula? Mwambieni mke wake mkubwa amefika." Alimpenda kwa vurugu. Na alimwogesha kwa namna aliyofundishwa na mama yake: kichwa kwanza, kikakaushwa na kuvikwa kofia, kisha kifua, kikavikwa sweta, kisha miguu. Kipande kwa kipande, nyuma ya mlango uliofungwa, pazia likiwa limeshushwa. Sehemu moja ikifunuliwa, nyingine zimeshafunikwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mimi na mama tuligombana sana wiki ile ya kwanza. Nilikataa jiko la mkaa lisiingie chumbani, na nikashinda. Nilikataa dawa ya kupaka utosini, tukanuniana siku mbili, nikashinda. Nilijiona mlinzi hodari wa mwanangu. Lakini suala la baridi sikuligusa, kwa sababu nami niliamini. Baridi ilikuwepo, niliisikia kwenye mifupa.

Kwa hiyo kila alichotuonyesha Yoramu tulikuwa na maelezo yake. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya bluu: baridi. Alinyonya mara tatu nne, akaliachia ziwa na kuhema kama aliyepanda mlima: mvivu, kama babu yake. Wakati wa kunyonya kipaji kilimlowa jasho, matone kabisa: sweta zimezidi. Alilala karibu siku nzima na kulia kwake kulikuwa kama kwa paka aliye mbali: mpole.

Jirani yetu alikuja kunipa pole na uji. Akachungulia kwenye blanketi. "Una raha wewe. Huyu wangu alinila nyama zote, analia tangu adhana mpaka kengele."

Siku ya saba tulimpeleka kupimwa uzito. Nesi akasema avuliwe. Mama akalishika blanketi kwa mikono miwili. "Mwanangu, dirisha lako halina kioo. Mpime hivyohivyo, uzito wa sweta tutautoa kichwani." Foleni ilikuwa inafika nje. Nesi akacheka, akampima hivyohivyo, na mimi nikacheka pia. Kadi ikaandikwa kwamba mtoto ameongezeka.

Siku ya kumi na nane aligoma kunyonya kabisa. Siku ya kumi na tisa tulikuwa Mbeya, mbele ya lile dirisha.

Sitaeleza moyo unavyofanya kazi, daktari wenu atawaeleza. Wa kwetu alichora nyuma ya karatasi ya maabara. Mishipa inayotoa damu mapafuni, alisema, imekwenda kujiunga mahali pasipo pake. Lazima apasuliwe, Dar es Salaam.

"Lini?" Elia aliuliza.

"Ingekuwa wiki iliyopita ningefurahi."

"Akipasuliwa anapona?" nikauliza mimi.

"Wengi wanapona."

"Wengi ni wangapi?"

Alinitazama, nikaona ni msichana wa rika langu ambaye hakuwa amelala. "Dada, watoto wadogo kiasi hiki waliopasuliwa nchini bado ni wachache. Nikikutajia namba nitakuwa najikosha tu. Ninachojua ni kwamba wapo wanaorudi hapa kupimwa, wamenenepa. Na wapo ambao simu zao sipigi tena. Asipopasuliwa, Krismasi haioni."

Nilimshukuru, ingawa siku ile sikumwambia. Katika watu wote waliozungumza nami mwezi ule, ndiye pekee aliyekubali kwamba hajui.

Tuliondoka Mbeya na gari la wagonjwa kabla ya jua kuchomoza: mimi, Yoramu na mtungi wake wa oksijeni, nesi, na mama mkwe. Elia alirudi Tunduma kuomba ruhusa kwa wakala wa forodha anakofanyia kazi, aje siku ya upasuaji. Barabara nzima nilihesabu pumzi za mtoto. Mama alikaa akiwa amevaa sweta lake, na tulipoanza kushuka kuelekea Morogoro joto likapanda, nesi akamfungua Yoramu blanketi, kisha sweta moja, kisha nyingine. Mama akawa anazikunja magotini mwake moja baada ya nyingine. Kofia alikataa.

"Kofia ibaki."

"Mama, huku ni joto."

"Nimesema ibaki."

Hapo nilimwambia neno ambalo bado natamani kulirudisha. Nilimwambia, "Mama, ulimfunika mpaka tukashindwa kumwona anakufa."

Nesi aligeuka akatazama nje. Mama aliivua ile kofia taratibu kutoka kichwa cha mjukuu wake, akaitia kwenye mfuko wa sweta, na hakunisemesha hadi kesho yake jioni.

Hospitalini tulipewa wodi ya watoto wa moyo. Yoramu aliwekewa mrija puani na nyaya kifuani, na wakasema lazima kwanza atibiwe maambukizi ya mapafu ndipo apasuliwe. Tulisubiri siku nane. Kusubiri huko ndiko ninakotaka kukueleza, kwa sababu hakuna aliyenieleza.

Nje ya wodi kulikuwa na benchi la bluu linaloangalia ukuta. Sisi wanawake tulikaa hapo wakati madaktari wanapopita wodini, mabeseni miguuni, kila mmoja akisikiliza viatu vya nani vinakuja. Mwili wangu ulikuwa bado wa mzazi: nilikuwa natoka damu, miguu imevimba kwa joto, na nywele zilianza kubaki kwenye kitana kwa mafungu. Nilinuka maziwa. Akilia mtoto wa mtu yeyote kule ndani, gauni langu lililowa.

Mama Zawadi alinikuta hapo. Aliketi bila kuuliza kama pana mtu, akanyoosha miguu, akasema, "Lafudhi hiyo naijua. Wewe ni wa mkoani kwetu, upande wa baridi."

Alikuwa wa Mkwajuni, mkoa mmoja nasi, mume wake anachimba dhahabu kwenye mashimo madogo, na binti yake Zawadi alikuwa na wiki sita na tundu kwenye moyo, pamoja na mambo mengine ambayo hakuyashika majina. Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kisafwa na kicheko chake hakikujua kuwa hapo ni hospitali. Aliponiona na daftari nililokuwa nikiandika maswali ya kuwauliza madaktari, akanibatiza jina.

"Mwalimu, leo umeandaa mangapi?"

"Kumi na moja."

"Utawaua hao watu. Haya, niulizie na mimi moja. Uliza kwa nini Zawadi akilala anaguna. Mimi nikiuliza wananijibu haraka haraka, wewe wanakuvutia kiti."

Hivyo ikawa nauliza ya Yoramu na ya Zawadi. Daktari akipita na kundi lake, Mama Zawadi ananipiga kiwiko. Majibu nilimfafanulia pale kwenye benchi, na yeye alinifundisha kukamua maziwa bila kuumia, kwa kitambaa cha maji ya moto na subira, kwani mimi nilikuwa najikamua kama ninayegombana na ng'ombe.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa benchi. Aliosha nguo zangu, alinipa uji, aliniogesha mgongo nilipoishiwa nguvu. Lakini hakuwa akisema "mume wangu" tena. Alisema "mtoto". Hilo liliniumiza kuliko nilivyotarajia, na bado sikupata mdomo wa kuomba radhi. Nimesomea kuuliza, sikusomea hilo.

Siku moja walikuja kuomba ndugu wajitolee damu kabla ya upasuaji. Mimi nilikataliwa, ni mzazi. Mama akasimama. Hakuwahi kudungwa sindano ya aina hiyo maishani mwake. Alirudi ameshika pamba kwenye mkono, ametembea wima kama askari.

"Wamechukua?" Mama Zawadi akamuuliza.

"Wamechukua. Nimewaambia, hiyo mnayoiona ni damu ya kwetu Momba, haijachakachuliwa. Mpeni mume wangu."

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama alikaa karibu nami, akanisukuma kwa bega. "Sogea, Mama Yoramu. Benchi si la baba yako."

Tangu hapo tukarudi kusemeshana kama zamani.

Elia alifika jioni ya kuamkia upasuaji, amekonda, na begi lenye vitu visivyo na kazi: tochi, kilo mbili za maharage, sweta. Asubuhi nilimbeba Yoramu mpaka kwenye milango miwili inayofunguka kwa kusukumwa. Alikuwa na siku ishirini na nane. Nesi akanyoosha mikono. Hakuna aliyeniambia niseme nini kwa mtoto wakati kama ule, na mimi siamini kila kinachoaminika, kwa hiyo sikujua kama ninaomba au ninaongea. Nilisema, "Nenda urudi." Milango ikarudi mahali pake.

Walisema upasuaji utachukua saa tano. Zilikuwa saa nane. Saa ya sita Elia aliniambia kwa sauti ndogo, "Tusa, tungeweza kukataa. Angekuwa mikononi mwetu sasa hivi." Nami nilikuwa nimewaza hilohilo tangu saa ya kwanza. Mama Zawadi alituletea machungwa yaliyomenywa, akayaweka kwenye mapaja yetu, akaondoka bila kusema neno. Ndugu msomaji, mwenzako akiwa anasubiri, fanya hivyo. Usimwambie Mungu ana makusudi. Mpe chungwa.

Daktari alipotoka alikuwa bado na alama ya barakoa usoni. "Yuko hai," alisema. "Moyo umevimba kwa uchovu, kwa hiyo kifua hatujakifunga. Tutakifunga ukipungua." Nilikuwa na maswali kwenye daftari, kurasa nzima. Niliuliza moja tu: "Naweza kumshika?"

"Bado."

Neno hilo nililisikia kwa siku kumi na moja.

Walituruhusu kuingia chumba cha wagonjwa mahututi mmoja mmoja, kwa dakika chache, tumevaa magauni ya kijani ya hospitali. Yoramu alikuwa katikati ya mashine, kifua kimefunikwa kwa kitambaa chembamba ambacho chini yake kitu kilikuwa kinapiga. Mrija mdomoni, mrija pembeni, dripu shingoni. Nesi mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini, alinionyesha sehemu ambayo haikuwa na kitu. "Hapo," alisema. Ilikuwa chini ya unyayo wa kushoto. Nilimgusa hapo kwa kidole kimoja. Siku kumi na moja, huo ndio mwili wa mwanangu niliokuwa nao, eneo la ukubwa wa sarafu.

Ningetamani kukuambia kwamba mtu huzoea. Mimi sikuzoea. Nilitamani uzito wake kwenye mkono wa kushoto mpaka mkono wenyewe ukawa unauma, nikawa nakaa kwenye benchi nimepakata khanga iliyokunjwa. Nilitamani ile harufu ya kofia yake. Nilimwomba mama aitoe mfukoni, tukawa tunabadilishana kuishika, mimi asubuhi na yeye mchana. Nilitamani hata baridi ya Tunduma, lile pazia lililoshushwa, mama akigomba nyuma ya mlango, Yoramu akiwa sehemu yangu hata kama sikuwa namwona. Kumwona kulikuja na kumkosa kwa wakati mmoja.

Siku ya tatu walikifunga kifua. Siku ya nane walimtoa mrija mdomoni, akalia, na hakukuwa na sauti. Mdomo ulifunguka, machozi yakatoka, kimya. Nesi mrefu akasema koo limekwaruzwa, sauti itarudi. Ilirudi baada ya siku mbili, imekwaruza kama ya mzee anayeuza magazeti, na tukamsikia mpaka kule kwenye benchi. Mama mkwe akasimama.

"Huyo ni mume wangu. Analalamika chakula."

Siku ya kumi na moja nilimpakata. Alikuwa mwepesi kuliko khanga niliyokuwa nikifanyia mazoezi. Nesi alivuta pazia la dirisha ili mwanga uingie, nami nikamgeuza Yoramu, nikatazama kila mahali. Kucha zake zilikuwa na rangi ya pera lililokatwa. Midomo hivyohivyo. Ngozi ilikuwa maji ya kunde, Elia alipatia, na masikio yalikuwa meusi zaidi kidogo, kama yangu.

Tuliporuhusiwa ilikuwa katikati ya Septemba. Zawadi alikuwa amepasuliwa siku nne kabla na alikuwa bado kwenye kile chumba cha mashine. Jioni iliyotangulia nilimuuliza mama yake anaendeleaje, akasema, "Wanamwangalia, mwalimu. Wamesema moyo wake mkaidi." Nikamwambia hata wa Yoramu ulikuwa mkaidi. Nilimwambia avumilie mpaka siku ya kumi na moja.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na karatasi nyingi za kusaini na dawa za kuelekezwa. Mama Zawadi alikuja saa tatu, akanyoosha mikono. "Nipe huyo, wewe kasaini vitu vyako." Alikaa naye kwenye benchi letu. Nilipokuwa napita kutoka dirisha moja hadi jingine nilimwona amemlaza kifuani, ameinamisha kichwa, anamnusa utosini. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa, upande wote wa mbele. Hakuniomba daftari, hakunituma swali. Tulipokwenda kwenye gari alibeba begi letu mwenyewe, Elia akimnyang'anya na yeye akikataa. Kisha akanirudishia mtoto.

"Mfikishe kwenye baridi," alisema. "Na nikipiga simu upokee."

Tulirudi Tunduma kwenye vumbi la Septemba, malori yakiwa yaleyale. Kovu la Yoramu lilikuwa limenyooka katikati ya kifua kama mshono wa gunia, na kwa wiki nyingi sikuweza kulala bila kiganja changu kuwa juu yake. Niseme ukweli kwa aliye njiani: kurudi nyumbani si mwisho. Kuna dawa za saa sita sita, kuna homa ya kwanza, kuna mume ambaye hamjazungumza naye jambo lolote zaidi ya mtoto kwa miezi. Elia na mimi tuliketi uani siku moja ya Oktoba, tukatazamana kama wageni waliokutanishwa kwenye basi, akaniuliza, "Shikamoo?" Nikamwambia, "Marahaba." Tulicheka mpaka mama akatoka kuona kuna nini.

Naye mama alibadilika kuliko sisi wote. Kila asubuhi jua likipanda alimtoa Yoramu barazani, akamvua nguo zote, akamkagua kucha na midomo kama karani wa mpakani anayekagua mzigo. Halafu akahamia kwa watoto wa wengine. Akisikia mtu amejifungua mtaani kwetu, anakwenda na uji, na kabla hajaukabidhi anasema mtoto avuliwe.

"Mama Elia, utampa nimonia mwanangu!"

"Hesabu mpaka ishirini tu. Msogeze dirishani. Haya, mpe ziwa nimwone anavyonyonya."

"Sisi tumewafunika watoto tangu enzi."

"Nami nimefunika. Ndiyo maana nimekuja."

Alijifunza kusema hivyo bila mimi kumfundisha. Niliomba radhi kwake siku moja tukichambua maharage, kwa ajili ya lile neno la kwenye gari. Alisema, "Neno gani?" akaendelea kuchambua.

Mama Zawadi alipiga simu kama alivyoahidi. Alikuwa na kitochi, simu isiyopokea picha, kwa hiyo alitaka kila kitu kwa maneno. Mvua za kwanza zilipokuja na watu wakaanza kupanda mahindi, alipiga kuuliza kama Yoramu amekaza shingo. Januari, kama amegeuka. Wakati wa mahindi mabichi, kama ameota jino.

"Mawili, chini."

"Mawili! Anamng'ata nani?"

"Mimi. Na Zawadi?"

"Huku tupo, mwalimu. Tunakazana. Hebu mwekee simu sikioni nimsikie."

Nikamwekea. Yoramu akaitemea simu mate, akacheka, nami nilimsikia yeye kule Mkwajuni anapumua mpaka mtoto alipochoka. Mwezi mwingine nilimuuliza kama Zawadi anatambaa. "Wewe nieleze kwanza wa kwako," alisema, "huyo ndiye aliyetangulia." Nikamweleza, na muda wa maongezi ukaisha. Nilimwambia tutawakutanisha, nitakuja Mkwajuni kiangazi, hao wawili wacheze kwenye mkeka mmoja wavuliwe mashati tulinganishe makovu. Alisema, "Njoo." Julai, Yoramu alipotimiza mwaka, alipiga alfajiri kabla hata ya bibi yake kuamka, akaimba wimbo mzima wa siku ya kuzaliwa.

Mwezi uliofuata tulikwenda Dar kwa kipimo cha mwaka. Moyo, walisema, unafanya kazi yake. Bado watamfuatilia, pengine kwa maisha yake yote, na hawawezi kuniahidi kila kitu, hilo nalipokea. Yoramu alitembea kwenye ile korido kwa miguu yake mwenyewe, akishika ukuta, na yule nesi mrefu wa chumba cha mashine akaja mbio akambeba juu.

Nikamwambia naelekea Mkwajuni wiki hiyo, kumpelekea Zawadi gauni. Akamteremsha mtoto. Alidhani najua. Alisema walipompa Mama Zawadi habari hakulia mbele yao, aliwaomba jambo moja tu, kwamba mwalimu wa Tunduma anaondoka leo na mtoto wake, asiambiwe, asije akasafiri na msiba.

Zawadi alifariki saa kumi na moja alfajiri. Mama yake alimpakata Yoramu saa tatu.